Nilivyomtafuta Nyambura Kwenye Komiki za Waingereza

Kwa miaka mingi nililipwa mshahara kwa kunusa karatasi. Cheka tu, nitakungoja. Wenzangu niliokuja nao huku Louisville, Marekani, kusoma waliishia kuwa wauguzi, wahasibu na watu wa kompyuta, na tulipokutana kanisani waliulizana habari za hospitali na za benki. Wakifika kwangu walipunguza sauti kama wanaomsalimu mgonjwa. "Na wewe, Nyambura, bado uko kwa zile komiki?" Niko, nilikuwa nikiwajibu, na kicheko kinanitoka kabla jibu halijaisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akikimbilia kazini kama mimi.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mnaniuliza ilikuwa kazi gani hiyo. Basi kaeni. Sitaanza mwanzo, maana mwanzo una mambo ya viza na baridi ambayo mmeyasikia kwa wazazi wenu mpaka yamewachosha. Nitaanza na pua.

Ukipewa komiki ya zamani, inuse kabla hujaisoma. Ikinuka siki kidogo, hiyo ni karatasi inazeeka yenyewe, haina neno. Ikinuka soksi zilizonyeshewa, ni ukungu; iache hapo hapo ulipoikuta hata kama ni ya bure, kwa sababu itaambukiza kabati zima. Ikinuka sigara, furahi, kwani ilikaa na mtu mzima, na mtu mzima hakati kuponi. Watoto wa Uingereza walikuwa wakikata kuponi ili watumiwe beji, kwa hiyo angalia kurasa za katikati kabla hujatia mkono mfukoni. Glavu usivae, utapasua ukurasa bila kuhisi. Nawa mikono, kausha vizuri, fungulia kona ya juu. Na ile seloteipu mnayofungia zawadi, ukimwona mtu anaisogeza karibu na komiki, mkamate.

Hayo nilifundishwa na Mzee Wendell, mwenye duka, Mmarekani mrefu ambaye hakuna suruali iliyowahi kumfika kwenye viatu. Duka lake lilikuwa kusini mwa mji, si mbali na mtaa wa Iroquois ninakokaa mpaka leo. Aliniajiri kwa sababu moja tu. Alikuwa amenunua maboksi ya komiki za Uingereza, yale magazeti ya picha ya watoto yaliyokuwa yakitoka kila wiki, na katika watu wote waliokuja kuomba kazi ni mimi peke yangu niliyezisoma utotoni. Wamarekani walizisoma za kwao. Kona ya Waingereza ikawa ya Mkikuyu kutoka Nakuru, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa wateja.

Wiki yangu ya kwanza aliniwekea rundo mezani, akaniambia nizifunike na kuzipanga, kisha akaenda kula. Alimaanisha mifuko ya plastiki iliyokuwa kwenye droo. Lakini mimi nimesoma shule ya msingi Kenya. Ukiniambia nifunike kitabu najua jambo moja tu. Nilichukua mifuko ya karatasi ya kaki ya supamaketi, nikaikata, nikapika gundi ya unga wa ngano kwenye jiko dogo la umeme alilopashia supu yake, nikafunika komiki moja moja kwa kona zilizonyooka ambazo mwalimu wangu wa darasa la tatu angewaonyesha wazazi. Na kwa kuwa sijawahi kuona kitabu kilichofunikwa kisichoandikwa mbele, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Jina: Duka la Mzee Wendell. Somo: Komiki. Kwenye darasa niliacha wazi, sikujua.

Mzee Wendell aliporudi alishika taya nikadhani jino linamuuma. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikawa naangalia mlango nikihesabu kwamba kazi imeisha. Halafu akachukua pamba yenye maji, akagusa kona moja, na ile gundi ikaachia taratibu bila kubakisha hata doa. Kicheko kikakatika. Aliniambia kwamba mafundi wa karatasi wanaoheshimika hutumia gundi ya aina hiyo hiyo, kwa kuwa ukikosea unaitoa kwa maji. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Jikoni kwa mama, nikamwambia. Kuanzia kesho yake nilikuwa fundi wa kushona na kubandika, na komiki moja aliiacha ndani ya kaki yake, akaitundika ukutani. Kwenye darasa alijaza mwenyewe: la Kwanza.

Sasa niwaambie nilikuwa nikitafuta nini mle dukani, maana mshahara peke yake haukunikalisha miaka yote ile.

Baba yetu alikuwa karani wa posta Nakuru, na kila Jumamosi alituletea komiki moja, mimi na kaka yangu Karanja. Zilikuja kwa meli, kwa hiyo zilichelewa vibaya. Toleo la Krismasi, lenye theluji juu ya kila herufi, lilitufikia karibu na Pasaka, na mimi nilikua nikiamini kwamba Wazungu husherehekea Krismasi mara mbili. Kwenye jalada, chini kabisa, kulikuwa na mstari wa bei za nchi za ng'ambo. Tuliusoma kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Waliandika Afrika Mashariki, na mbele yake senti zetu. Hamwezi kujua raha ile. Mtu fulani huko London, mwenye tai na kikombe cha chai, alikuwa ametukumbuka.

Hadithi tuliyoipenda ilikuwa ya kijana aitwaye Ned aliyeishi kwenye mnara wa taa na kupambana na wezi wa baharini wa Kapteni mmoja mwenye jicho la kioo. Kila wiki ilikatiwa mahali pabaya. Halafu nikaugua surua, nikaugua sana, na siku hizo mgonjwa wa surua alifungiwa chumba cha giza na macho kufungwa kitambaa ili yasiharibike. Wakati huo huo bei kwenye jalada ikaruka kutoka senti tisini hadi shilingi moja na nusu, na nilimsikia Baba sebuleni akisema hao Waingereza sasa wamemzoea, hanunui tena.

Nililia chini ya kitambaa. Lakini Karanja akaja akaniambia nisijali, kuna rafiki yake shuleni ambaye baba yake ana duka, atamwazima. Kila Jumamosi alikaa mlangoni, penye mwanga kidogo, akanisomea. Nilikuwa nikisikia kurasa zikifunguliwa. Na huko ndani ya hadithi, wiki ya kwanza tu, akatokea msichana Mwafrika aliyefika kisiwani ndani ya pipa la sukari, mkali, mwenye mbio, ambaye Ned alimtegemea kwa kila kitu. Aliitwa Nyambura.

Najua. Ninyi mnaonisikiliza mmeshaelewa, naona mnavyotikisa vichwa. Mimi nilikuwa na miaka saba na homa.

Nilipofunguliwa macho, zile komiki zilikuwa zimerudishwa kwa mwenyewe. Muhula ukaanza, Karanja akapelekwa shule ya bweni, na hadithi ikabaki katikati. Aliporudi likizo alikuwa mwanamume wa mpira na hakutaka tena mambo ya watoto. Kwa hiyo sikuwahi kujua Nyambura aliishia wapi. Nilipoingia duka la Mzee Wendell, niliingia kumtafuta.

Nilimtafuta kwa adabu na bila adabu. Kila boksi lililoletwa na mjane, kila mnada, kila maonyesho. Mzee Wendell, Mungu amweke pema, alijaribu kuniambia kwa upole kwamba wachoraji wa Uingereza wa miaka ile hawakuwa wakimchora mtoto mweusi akimwokoa mzungu, na jina Nyambura wangelipata wapi. Nilimjibu kwamba hakuwa Nakuru, mimi nilikuwa. Wateja walianza kunijua kwa hilo. Wengine waliniuliza kwa kejeli kama nimeshampata dada yangu. Mimi nilicheka nao na kuendelea kupekua, lakini nawaambia ukweli, iliniuma. Niliona kama wanamcheka mtu wangu ambaye hayupo kujitetea.

Na bei, loo, bei ilikuwa ikipanda mbele ya macho yangu. Nilipoanza, komiki ya Uingereza uliiuza kwa bei ya soda, na mteja alikuangalia kama anayekufanyia hisani kwa kukuondolea takataka. Ikaja minada ya mtandaoni, na mzee yeyote mwenye maboksi darini akajua kwamba ana mali. Mtoto mmoja aliwahi kunisimamisha dukani kwa Kiingereza chake cha shule, akanionyesha bei ya peni za Uingereza iliyochapishwa kwenye jalada na kibandiko cha dola tulichoweka sisi, akataka maelezo. Nilimwambia hiyo tofauti ni kodi ya nyumba ambamo ilikaa kimya bila kuchanwa na wadogo zake. Akaielewa, maana alikuwa na wadogo.

Baadaye wakazuka wanaofungia komiki ndani ya plastiki ngumu na kuipa alama, kama mtihani. Ikishafungwa huwezi kuifungua, huwezi kuinusa, huwezi kuisoma. Ni kama nyama ya supamaketi, unaibonyeza tu kwa juu. Watu walilipa mara kumi kwa kitu hicho na mimi niliwafungia kwa tabasamu, lakini moyoni nilikuwa nikisema, kama Nyambura yumo humo ndani, ndugu yangu, mtamfungia mpaka kiama.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tulikwenda maonyesho ya komiki mjini Columbus, jimbo la jirani. Dereva wetu alikuwa Papa Riziki, Mkongo wa Uvira, ambaye mchana alikuwa kwenye bohari na wikendi aliendesha gari letu. Yeye alikulia komiki za Kifaransa, zenye rangi ndani mpaka mwisho, na alizidharau zangu nyeusi na nyeupe kwa moyo wote. Tulibishana kutoka Louisville hadi Columbus kama mashabiki wa timu mbili. Njiani nilimsimulia habari za Nyambura. Akapunguza redio.

"Bon, maman," akasema, "mi naona ule kaka yako njo alitungaka iyo histoire."

Nilimwambia aangalie barabara, kaka yangu ni mhasibu, si mtunzi wa hadithi.

Kwenye ukumbi wa Columbus, chini ya meza ya bibi mmoja aliyeuza zaidi vikombe kuliko karatasi, kulikuwa na boksi. Nilipiga magoti. Nikanusa: sigara. Nikalivuta nje. Zilikuwa zile zile, mfululizo, kuanzia wiki bei ilipopanda mpaka toleo la mwisho kabisa, na mstari wa chini ukisema Afrika Mashariki, shilingi moja na nusu. Bibi alitaka bei ya viatu vizuri vya baridi. Sikubishana, na mjue kwamba katika kazi yangu kutobishana ni ugonjwa.

Nilizisoma nimekaa sakafuni, Papa Riziki amesimama kando yangu na kahawa mbili. Ned yumo. Kapteni yumo. Pipa la sukari halimo. Nilifungua moja baada ya nyingine, kona ya juu, taratibu kama nilivyofundishwa, na msichana hayumo. Nikafika toleo la mwisho. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: Habari njema kwa wasomaji wetu wote.

Vijana, hilo ndilo jambo la kazi ninalotaka mlikumbuke hata mkisahau mengine. Komiki ya Uingereza ilipokuwa inakufa haikusema inakufa. Ilitangaza habari njema. Ndani unakuta kwamba kuanzia wiki ijayo itaunganishwa na nyingine, na hadithi zote ambazo hazina nafasi huko zinamalizwa siku hiyo hiyo, mbio mbio, mchoraji ameshavaa kofia ya kuondokea. Siku bohari lenu likiwaletea piza bila sababu na meneja akasema ana habari njema, anzeni kutafuta kazi nyingine.

Ned alimalizwa kwa nusu ukurasa. Mnara ukalipuka, Kapteni akalipuka nao, na Ned akaenda kuishi kwa shangazi yake mjini. Mwisho.

Sikulia. Nilikasirika. Nilijiona mwanamke mzee mjinga aliyepiga magoti maisha yake yote mbele ya maboksi ya watu, akitafuta kitu ambacho hakikuwahi kuchapishwa. Papa Riziki alikuwa na haki ya kuniambia kwamba alisema, na hakusema, ndiyo maana nampenda. Nilimwomba asigeuze gari kurudi Louisville, anipeleke Buffalo, kwa Karanja, ambaye naye alihamia Marekani zamani. Akasema ana binamu huko huko Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, ambaye mke wake anajua kupika samaki. Tukaondoka.

Njia nzima nilitayarisha maneno. Yalikuwa makali, nilikuwa nayajaribu kwa sauti, na Papa Riziki akinisaidia na mengine ya Kifaransa. Alinishusha mlangoni, akaenda kwa binamu yake kula samaki.

Karanja anakaa Kenmore, pembeni mwa Buffalo, mhasibu mstaafu, mtu wa kupanga viatu mlangoni kwa ukubwa wake. Alifungua mlango akiwa na fulana ya ndani, akaniona na boksi, bila simu, bila onyo, kutoka jimbo lingine.

"Nyambura," akasema, "nani amekufa?"

"Nyambura."

"Nyambura si ni wewe?"

"Yule mwingine. Wa kwenye pipa."

Alinitazama. Nikaona inamjia polepole, kutoka mbali, kutoka Nakuru. Mdomo ukaanza kumcheza. Kisha akashika fremu ya mlango akacheka, na mimi na maneno yangu yote makali tukabaki tumesimama kizingitini kama wauzaji.

Aliniingiza ndani, akanisimulia akiwa bado anafuta macho. Hakukuwa na rafiki mwenye baba wa duka. Kurasa nilizozisikia zilikuwa za kitabu chake cha hesabu. Wiki nzima, darasani, alikuwa akitunga ya Jumamosi, na alichapwa kwa kutomsikiliza mwalimu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, hata mara moja, miaka yote hii ya harusi na mazishi na Krismasi.

"Nilidhani unajua," akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Nilimpa jina lako, kwa hivyo nikadhani ni obvious. Ulikuwa mgonjwa, Nyambura. Mama alikuwa analia jikoni. Ningekuja nikwambie Ned ameisha juu ya shilingi moja na nusu?"

Hasira yangu ilikwenda wapi sijui. Niliitafuta nikaikosa. Nilichokuwa nacho kifuani kilikuwa furaha tupu, ya kitoto, ya kutaka kuruka ruka juu ya kochi la watu. Mzee Wendell alisema hakuna mtu ambaye angemchora. Kweli hakuna. Lakini alikuwapo mtu mmoja aliyemtunga, mvulana wa darasa la saba mwenye kitabu cha hesabu, na alimtunga kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu ni mimi.

Karanja alikuwa akilitazama boksi. Aliniuliza kama zote zimo. Nikamwambia zote. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye pia hakuwahi kujua. Tangu Baba aliposema hanunui tena, hakujua Ned aliishia wapi. Alikaa na njaa ile ile, akanilisha mimi. Alivaa miwani, akanawa mikono bila kuambiwa, akachukua toleo la mwisho. Nilimwona akifika kwenye nusu ukurasa. Akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akarudi.

"Wamelipua mnara?"

"Wameulipua."

"Yaani hivi tu? Shangazi ametoka wapi?"

Alisimama, akazunguka meza, akakaa tena. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyeuziwa gari bovu. Akaangalia chini ya jalada, akausoma ule mstari wa bei kwa sauti, Afrika Mashariki, shilingi moja na nusu.

"Baba alikuwa right," akasema. "Ilikuwa ghali."

Tulicheka mpaka mjukuu wake akatoka chumbani kuuliza kwa Kiingereza kama tuko sawa. Tulimwambia tuko sawa. Karanja akaifunga ile komiki, akaisukuma pembeni, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la fulana.

"Tulikuwa tumefika wapi?" akaniuliza.

Sikuhitaji kufikiri. Nilimwambia Nyambura alikuwa ananing'inia nje ya dirisha la juu la mnara, bahari iko chini, Kapteni ameshika kisu, na kamba imekatika.

"Haikukatika," akasema kaka yangu. "Kapteni ndiye alidhani imekatika."

Nikavua koti, nikaketi.